Ukurasa wa Kumi na Mbili

Makarani walimbandika jina la Mama Kurasa, naye hakukasirika. Kila jalada lililoingia ofisini kwake, kabla hajasoma hata jina la mlalamikaji, alilowesha kidole na kuhesabu kurasa moja moja, midomo ikimcheza. "Huyu angekuwa daktari wa meno," karani wake alizoea kutania, "angehesabu meno yote kabla ya kuuliza linalouma ni lipi." Wenzake walicheka, naye akacheka nao. Hakuna aliyejua kwamba anahesabu kwa hofu.

Alikuwa wakili wa kuogopwa. Viwanda vilivyomwaga uchafu mitoni na machimbo yaliyoacha mashimo bila uzio vilimjua vizuri, tena kwa machungu. Ila mjini kulikuwa na mtaa mmoja ambao hakuukanyaga. Dereva alipouliza kwa nini wanazunguka, alijibiwa kwamba barabara ile ina makorongo. Ilikwisha kutiwa lami miaka mingi iliyopita.

Asubuhi moja mtaa ule ukamfuata wenyewe. Muuguzi mstaafu aliingia akijikongoja kwa mwavuli, akaweka mfuko wa plastiki juu ya meza.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Hunikumbuki, lakini mimi nakukumbuka. Wewe ndiye uliyenisainisha mkataba wa kiwanja changu. Ulikuwa mwembamba, viatu vinakubana mpaka unavivua chini ya meza."

Wakili aliivuta miguu yake chini ya kiti.

Bibi yule alieleza taratibu, kama anayetoa taarifa za wagonjwa kwa zamu inayoingia. Mjukuu wake ana miaka tisa na hawezi kuhesabu vidole vyake mwenyewe. Wamempima damu, imekutwa na madini ya risasi. Watoto wa majirani vivyo hivyo. Kampuni iliyowauzia viwanja inasema haikujua lolote kuhusu udongo ule, na wakili wa kwanza amewaambia kwamba bila ushahidi kuwa ilijua, kesi yao ni hewa tupu.

"Nikasema nirudi kwako. Wewe ulinitazama usoni siku ile."

Mkataba uliokuwa ndani ya mfuko ule haukuhitaji kufunguliwa, lakini mazoea yana tabu. Alilowesha kidole. Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na tatu. Namba zilikuwa za mkono wake, na pembeni mwa kila moja herufi mbili za mwanzo wa majina yake, za ujana, zenye mikia ya maringo.

Mwaka wake wa kwanza kazini, kampuni ile ilikuwa mteja mkubwa wa ofisi yao. Kazi yake ilikuwa kuandika namba na kutia herufi zake kwenye kila ukurasa wa mikataba, nakala arobaini. Alipomaliza, bosi wake alikuja akachomoa ukurasa wa kumi na mbili kwenye nakala ya kwanza. Ulikuwa ripoti ya vipimo: palikuwa na kiwanda cha betri za magari pale, na udongo una sumu.

"Toa hii kwenye zote."

"Lakini bosi, nimeshaweka namba."

"Nani anasoma namba? Watu wananunua viwanja, hawali udongo."

Naye, wakili kijana, akazichomoa zote. Thelathini na tisa zilichomwa moto. Mmoja aliukunja akauficha ndani ya kitabu cha sheria, na mpaka leo hajui kama ulikuwa ujasiri au woga. Muuguzi alipofika kusaini, kalamu mkononi, aliuliza: "Mwanangu, hapa pana ubaya wowote ninaopaswa kuujua?"

"Hakuna, mama. Saini hapa."

Neno lile *hakuna* halikumwacha tena. Lilimjia mahakamani katikati ya hoja, lilimjia bafuni maji yakimwagika. Kila kiwanda alichokishtaki, machoni pake kilikuwa kile kile cha betri. Alidhani akishinda kesi za kutosha moyo utatulia. Wapi!

Karani aliingia na jalada jipya. "Bosi, niandike wewe ndiye wakili wao?"

"Andika mwingine. Mimi ni shahidi."

"Wa nini?"

Alisimama, akashusha kitabu kizee kutoka rafu ya juu. Alijua vyema kwamba ukurasa ule ukitoka, leseni yake inakwenda nao. Alijua pia kwamba usipotoka, bibi huyu atashindwa, na kampuni itaendelea kuuza viwanja vilivyobaki. Alimkabidhi karani kitabu, akamwambia akifungue.

Kizimbani wakili wa kampuni alimuuliza, "Kwa hiyo ulimdanganya mnunuzi?" Akajibu, "Ndiyo." Alikuwa amesimama katika ukumbi ule mara mia, lakini hakuwahi kuliona benchi la walalamikaji kutokea upande ule. Alilowesha kidole, akahesabu mkataba mbele ya jaji mpaka kwenye pengo la kumi na mbili, na jaji akaupokea ukurasa. Kampuni haikuweza tena kudai kwamba haikujua.

Nje, kwenye korido, muuguzi alikuwa ameketi na mjukuu wake. Wakili alikuja mbele yao akasimama, tayari kutukanwa. Alikuwa amejiandaa hata kwa shukrani, ambayo ingemuuma zaidi.

"Nilikuuliza, mwanangu."

"Uliniuliza, mama."

"Nilikuwa na kiwanja kingine mkononi, kule mlimani. Kidogo, lakini kizuri. Siku ile nilikuwa sijaamua. Nilikuwa nakusubiri wewe tu."

Mtoto aliuvuta ule mkataba kutoka mapajani mwa bibi yake. Akalowesha kidole, kama alivyomwona wakili akifanya mahakamani, akaanza kuhesabu kurasa kwa sauti. Moja, mbili, tano, mbili, tisa. Wakili, aliyesahihisha makaratasi ya watu maisha yake yote, hakuthubutu kumsahihisha.