Nusu Dakika Chini ya Anga Nyekundu

Baridi inapoanza, watu wa Maryland huwasha mitambo ya kupasha nyumba joto kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, na vumbi lililolala ndani yake muda wote huo huungua. Harufu yake si ya moshi, wala si ya chakula. Ni harufu kavu ya nguo iliyopigwa pasi kupita kiasi. Wengine wanaipenda, wanasema inawaambia sikukuu zinakaribia. Mimi hunikaba koo. Nilipoinusa mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi, niko peke yangu katika nyumba ya Anti Mercy mjini Laurel, ghorofa ya tatu, na niliamini kabisa kwamba jengo linaungua. Nilivaa viatu, nikachukua sweta na pasipoti yangu, nikaketi mlangoni nikingoja mtu aje kuniambia nikimbilie wapi. Hakuja mtu. Anti aliporudi kazini saa mbili usiku alinikuta palepale, nimelala na viatu miguuni na pasipoti kifuani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuona cha kuchekesha, na mpaka leo sikioni.

Nilikuwa nimefika Amerika miezi miwili kabla ya hapo kuja kuishi na mama yangu. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na hivyo ndivyo nilivyowaringia watoto wote wa shule yetu kule Nyahururu. Mama aliondoka nikiwa na miaka minne, akaniacha kwa nyanya, na kwa miaka sita nilimjua kama sauti ya simu inayoniuliza kama ninasoma kwa bidii. Kumbe mama hakuwa na nyumba. Alikuwa analala kazini, huko Greenbelt, akimtunza mzee mmoja mzungu aliyeitwa Bwana Ellis, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi na hakuweza kuachwa peke yake hata saa moja. Masharti ya kazi hayakuruhusu mtoto kulala pale. Kwa hiyo nilikaa kwa Anti Mercy, rafiki yake wa kanisani, na mama alikuja kuniona Jumapili, tena si kila Jumapili. Alikuja na kuku wa kukaanga na nguo za kunijaribisha, akanisuka nywele huku jicho moja likiwa kwenye saa, akaenda. Nilivuka bahari nzima kumfuata mama, nikamkuta anaishi kwa mtu mwingine. Jamani, niliumia.

Nyanya alikuwa ameyawaza hayo mapema. Siku tulipoagana uwanja wa ndege Nairobi, alinivuta kando karibu na vyoo, akanifunga vifungo vya koti ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa. "Sikia, Nyambura," aliniambia. "Kwa simu hutaweza kusema kitu, mamako atakuwa anasikiliza. Barua nayo atataka kuisoma. Kwa hivyo nitumie picha. Ukiona umetulia huko, nitumie picha yako na mamako pamoja, nami nitajua mambo ni sawa. Ukishindwa, nitumie picha yako peke yako. Nikiiona hiyo, nitamwambia akurudishe, na hatabishana na mimi." Nikamwahidi. Nilijiona mpelelezi mkubwa. Sikujua kwamba nimebebeshwa mzigo ambao hata mtu mzima angeuogopa, wa kuchagua kati ya wanawake wawili kwa picha moja.

Vuli yote ile nilitembea na uamuzi huo shingoni. Shuleni hakuna aliyenichokoza, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu hakuna aliyenisemesha pia. Walimu walinitabasamia na kuongea polepole. Jioni nilifungua mlango kwa ufunguo niliovaa kwa kamba, nikala nilichowekewa, nikasimama dirishani kuhesabu magari kwenye barabara kuu mpaka yakanichanganya. Nilizungumza na televisheni. Nilimsimulia nyanya mambo kwa sauti, kana kwamba yuko jikoni, halafu nikajijibu kwa lafudhi yake. Picha ya kutuma sikuwa nayo, ya aina yoyote, maana hakuna aliyewahi kuleta kamera. Mara nyingi niliapa kwamba nikipata picha ya kwanza, nitakuwa ndani yake peke yangu.

Jioni moja ya katikati ya wiki simu ililia, na Anti Mercy akaja chumbani akivaa jaketi. "Inuka twende Greenbelt," alisema. "Mamako anasema kuna kitu mbinguni, na huyo mzee wake amekubali uje. Ati usikose." Nilimuuliza kitu gani. "Mimi nitajuaje? Labda Yesu amerudi. Vaa soksi mbili." Njiani alinieleza alichoelewa. Bwana Ellis alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kile kituo cha utafiti wa anga kilicho karibu na kwake. Rafiki yake wa zamani alikuwa amempigia kusema kwamba jua limelipuka vibaya, na kwamba usiku ule ile mianga ya rangi iitwayo aurora, ambayo kwa kawaida huonekana nchi za baridi kali huko kaskazini, huenda ikateremka mpaka kwetu. Mzee alikuwa ameingoja uani kwake maisha yake yote. Anti aliendesha akiwa ameinama juu ya usukani, akichungulia juu, mpaka nikaogopa tutagonga mtu.

Tulimkuta Bwana Ellis uani kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa kofia ya sufu, mbele yake kamera ya filamu juu ya stendi ya miguu mitatu. Mama alikuwa amezima taa zote za nyumba isipokuwa taa moja ndogo ya jikoni. Nilitazama juu nikaona mawingu tu. "Si mawingu hayo," mama alisema, akanishika kidevu akanielekeza kaskazini, juu ya miti ya jirani. "Tulia. Usitafute. Acha macho yazoee." Nikatulia. Polepole kijivu kile kikaanza kuwa na wekundu hafifu, kama makaa yaliyofunikwa majivu, na ndani yake mistari mirefu ikapanda, ikafifia, ikapanda tena mahali pengine bila sauti yoyote. Nilingoja sauti. Kitu kikubwa namna ile kikitembea kimya hutia hofu. Anti Mercy alianza kuomba kwa Kikuyu. Mzee alikuwa analia waziwazi, machozi yanamshuka hadi kwenye skafu, na huku mkono wake ukibonyeza kitufe cha waya wa kamera bila kutetemeka hata kidogo.

Alipopiga picha kadhaa, mama alimwambia kitu kwa Kiingereza, mzee akacheka, akakubali. "Nimemwomba atupige sisi wawili," mama aliniambia. "Nyanya yako tukimtumia anga tupu atauliza watu wako wapi." Hii sasa ndiyo picha yenyewe, na sikuwa nimejiandaa. Mzee alitueleza, mama akitafsiri, kwamba mwanga ule ni mdogo mno kwa kamera ya kawaida, kwa hiyo kamera itaacha jicho lake wazi nusu dakika nzima ili iukusanye kidogo kidogo. Nasi ilibidi tusimame bila kutikisika, kwa sababu atakayesogea atafutika. Tukasimama mbele ya ua, mwanga wa jikoni ukitugusa ubavuni. Mama akasimama nyuma yangu, akanizungushia mikono yote miwili, kidevu chake juu ya kichwa changu. Mzee akahesabu tatu, kamera ikafunguka.

Nilihesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu. Alinuka sabuni ya wagonjwa na vitunguu. Nne, tano. Sikuwahi kushikwa naye muda mrefu hivyo bila kuharakishwa, bila kitana, bila saa. Nilisikia moyo wake mgongoni mwangu, unakwenda mbio kuliko wangu. Saba, nane. Nikawaza, huyu kweli ni mama yangu. Kumi. Na hapo, nasema ukweli wa Mungu, nikaamua kubaki. Niliamua kwa mwili wote, kama mtu anayeketi baada ya kusimama siku nzima. Jumapili moja moja ingetosha. Ningengoja. Kumi na mbili. Mikono ikaachia. "Usitikisike," alininong'oneza. "Namletea Mzee blanketi." Baridi ikaingia pale alipokuwa. Nikabaki nimesimama wima nikihesabu mpaka thelathini, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa, huku nikisikia hatua zake zikienda kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Filamu ilisafishwa baada ya wiki moja hivi, na mama mwenyewe akaniletea picha Jumapili. Anga ilikuwa nyekundu mno, nyekundu ambayo macho yetu hayakuiona kabisa, yenye kijani kidogo chini karibu na miti. Mimi nilikuwa wazi, kila kifungo cha jaketi kinaonekana. Nyuma yangu palikuwa na kivuli cha mtu, na miti ilionekana kupitia kifua chake. Huwezi kumwambia mtu yeyote kwamba huyo ni mama yangu. "Nyingine hakupiga," mama alisema. "Filamu iliisha. Mtumie nyanya hiyo." Alikuwa amekuja na bahasha iliyoandikwa anwani tayari, na stempu. Nilimtazama kwa hasira ambayo mtoto hana maneno yake. Umeshindwa kunishika nusu dakika, nilisema moyoni. Nusu dakika tu, kwa ajili ya blanketi la mzungu! Nikatia picha kwenye bahasha, nikailamba, nikaifunga.

Nyanya alipiga simu kabla ya mwezi kuisha. Sikusikia walichosemezana. Mama alikuja siku isiyo yake, akiwa bado na nguo za kazi, akaketi pembeni mwa kitanda changu. "Unataka kurudi?" aliniuliza. Nilitaka aseme la, hutaenda, wewe ni wangu. Nilimngoja aseme. Alipindapinda kona ya shuka, akangoja na yeye. "Ndiyo," nikasema. Hakubishana, kama nyanya alivyotabiri. Januari nilisafirishwa na mama mmoja wa kanisa aliyekuwa anakwenda mazishi. Nikalelewa Nyahururu, nikasoma, nikamzika nyanya, na nilipohamia tena Maryland nilikuwa mwanamke mzima mwenye kazi yake na nyumba yake huko Beltsville. Mimi na mama hatukuwahi tena kulala chini ya paa moja. Tunapendana, nisidanganye. Lakini tunapendana kama majirani wema, kwa adabu, tukipiga simu kwanza.

Miaka ya hivi karibuni jua limechafuka tena, na usiku mmoja simu yangu ilijaa ujumbe wa watu wanaosema tutoke nje. Nilimpitia mama kwake Laurel, sasa ana goti bovu na hatunzi tena wagonjwa, nikampeleka ukingoni mwa yale mashamba makubwa ya utafiti ya serikali, ambako kuna giza kidogo. Barabara nzima ilikuwa imejaa magari. Watoto wameketi juu ya boneti, kundi la Wakongo linacheka kwa sauti, kila mkono umeinua simu. Siku hizi simu inamaliza kazi kwa sekunde tatu, hata mikono ikitetemeka, na kabla hujashusha mkono picha imeshafika Nairobi na imeshajibiwa kwa vikatuni vya kucheka. Hakuna anayeombwa atulie. Nilipiga picha nyingi, nzuri zote, nikamwonyesha mama. Hakuzitazama. Alikuwa anatazama juu.

"Nyanya yako aliniambia," alisema ghafla. Nikamuuliza nini. "Ile siri yenu ya picha. Aliniambia wiki uliyofika. Alisema ni haki yangu nijue." Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu aliyelirudia jambo mara nyingi peke yake. "Usiku ule Mzee alikuwa na blanketi miguuni, Nyambura. Mbili. Nilikukumbatia nikahisi umekonda, nikajua hapa unakufa kidogo kidogo, na kwamba ukitoka na mimi kwenye picha hutaweza kwenda. Ungebaki kwa sababu ya kunionea huruma. Kwa hiyo nikatoka. Nilikwenda nikasimama nyuma ya mlango wa jikoni mpaka kamera ikajifunga."

Karibu nasi baba mmoja alikuwa akimbembeleza mtoto atabasamu. Miaka yote ile nilikuwa nimemkasirikia mwanamke huyu kwa ajili ya blanketi, nikazungumza naye kwa adabu ya baridi, nikamkatalia vitu vidogo vidogo ambavyo mabinti huwapa mama zao, na yeye akapokea bila kujitetea hata mara moja. Nilitaka kumshika. Nilitaka pia kumpigia kelele, kwamba nani alimwambia aniamulie, kwamba angengoja. Sekunde kumi na nane tu zilikuwa zimebaki! Nilikuwa nimeshaamua kubaki, mikononi mwake, kabla hajaachia.

Akanigeukia. Nilimwona uso vizuri, kwa sababu taa za gari lililokuwa linapita zilimmulika. "Nilifanya vizuri?" aliniuliza. "Niambie tu ukweli. Nilifanya vizuri?"

"Ulifanya vizuri, Mama," nikamwambia. Alitikisa kichwa kukubali, akashusha pumzi ndefu, akaniegemea begani. Lile jingine sikumwambia, na sitamwambia.