Mtu Asiyejua Mstari Wake

Mimi nimetumika jeshi la miguu mpaka magoti yakakataa. Msumbiji nimelala porini, Shelisheli nimelinda bandari, Uganda nimeingia na kutoka. Shule niliiacha mapema nikachunge, kwa hiyo nikipotea katikati ya maneno mnivumilie, nitarudi. Watu hupenda niwasimulie risasi. Risasi habari yake fupi. Mahali nilipotazamwa vibaya kuliko pote ni nyumbani, huku kwetu upande wa Nemba.

Ilikuwa wakati wa vita vya Uganda. Niliumia mguu, nikapewa ruhusa nikamwone mama. Lori la pamba likanishusha Biharamulo mjini, chini ya boma la Mjerumani, nikaendelea kwa fimbo. Kufika kilimani kwetu nikakuta nyasi. Migomba imemezwa na magugu, nyumba hakuna, hata ya jirani hakuna. Nikatafuta jivu, labda zimechomwa, sikuliona. Nikaanza kuwawazia majirani mabaya, kwamba wamempeleka wapi mama yangu. Habari za kuhamia vijiji vya ujamaa nilizisikia redioni nikiwa kambini, nikazipigia makofi kabisa, ila sikudhani wanaosemwa ni sisi.

Kumbe na mimi nilikuwa nafuatwa. Ni buti zangu, nilizinunua Shelisheli, soli yake inaacha alama kama maua. Kule Shelisheli watu wanakula popo, na mimi nilimla, mtamu. Haya, narudi. Mgambo wawili walifuata yale maua mpaka nilipo. Mkubwa wao alikuwa Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga, ana gobole.

"Unamtafuta nani huku?"

"Mama yangu. Hapa ni kwetu."

"Kwenu porini? Kwani wewe nyani?"

Mwenzake akacheka. Nikatoa kitambulisho cha jeshi. Akasema hata adui anaweza kukitoa mfukoni mwa maiti. Nikaona ana akili, maana ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Wakanipeleka kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zimepangwa kwa mistari, kama mabweni ya kambi.

"Haya, afande. Nyumba ya mama yako iko mstari wa ngapi?"

Sikujua. Watu wakaanza kujaa, nyuso ngeni nyingi, na wale niliowajua wakawa wanatazama chini. Msukuma akasema aitwe huyo mama. Akinikana, nafungwa kamba napelekwa bomani kama jasusi.

Mama akaja. Alishaambiwa nimekufa mpakani. Nikasimama wima, mazoea ya kambi, nikasema shikamoo mama. Hakuitikia. Kwetu mama hasalimiwi hivyo. Unamshika mikono juu ya viwiko, unamsalimu kwa Kisubi, lugha yetu, salamu ndefu mpaka mbuzi waulizwe hali. Shikamoo tulimpa mwalimu na bwana shamba. Nilijua nimekosea, lakini kurudia mbele ya lile gobole ningeonekana naigiza.

"Mama, huyu ni mwanao au siyo?" Msukuma akauliza.

Mama akaziangalia buti, akapanda mpaka usoni, akashuka tena.

"Sauti ni yake," akasema. "Huyo mwingine aliyemo ndani simjui. Mwacheni kwangu nimwangalie."

Basi nikawa mahabusu wa mama. Msukuma alihamishia kigoda chake kwenye kibaraza cha jirani, gobole magotini. Mama ananipakulia, halafu anakaa mlangoni, ananitupia maswali ya pembeni: yule ng'ombe wetu aliyezama bwawani alikuwa na rangi gani, shangazi yako alikuwa anaogopa nini. Nikimjibu, anaguna tu. Na mimi nilikuwa namchunguza. Nilijiuliza kama huyu ni mama, au ni mtu wa mstari ambaye mgambo wameshamfundisha la kusema.

Asubuhi moja nilikuwa nakula viazi vitamu nimesimama, mgongo ukutani, macho njiani, kama tulivyokula mstari wa mbele. Mama akaninyang'anya sahani.

"Kaa chini ule! Mimi nilikulea hivyo?"

Nikakaa. Ng'ambo kule Msukuma aliyasikia, akainuka, akaweka gobole begani, akabeba kigoda chake akaenda kupalilia pamba yake.