Halua ya Namba Wani

Skuli ya mjukuu wangu ilikuwa na gazeti lake. Si gazeti la kuuzwa dukani, la. Karatasi nne tu zimepigwa pini ubavuni, zachapwa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono, na wino wake ukikuingia nguoni hautoki hata kwa ndimu. Kila baada ya mtihani kila mtoto hupewa moja apeleke kwao. Humo mna habari zao zote: nani kashinda mbio, choo kipi kimejengwa, wazazi waje mkutanoni lini. Na mwisho wake majina ya wanafunzi wa darasa la mtoto huyo, wa kwanza hata wa mwisho.

Gazeti hilo lilinigombanisha na watu watatu katika wiki moja. Mmoja jirani yangu, mmoja mwalimu mkuu, na mmoja mjukuu wangu mwenyewe. Nitawaeleza yote, maana mimi ugomvi wangu siufichi, na huu naupenda zaidi.

Kwanza mjue kuwa mimi skuli sikuingia. Nalisoma chuoni, nikahitimu msahafu, na barua nawaandikia watu kwa herufi za Kiarabu mpaka leo, za posa na za matusi. Herufi za kizungu ndizo sizijui, ila jina moja tu, la huyo mjukuu wangu. Hilo nilijifunza kwa sindano. Nguo za skuli zilikuwa zikipotea sana, basi aliniandikia jina lake kwa kalamu kwenye ukosi wa shati, nami nikalipitia kwa uzi mwekundu. Mashati matatu na mitandio minne. Jina ukishalidunga mara saba, hata likichorwa ukutani kwa makaa utalitambua.

Mamake aliolewa Lamu mara ya pili akaniachia mtoto ana miaka sita. Wakati huu nisemao alikuwa na kumi na sita, yuko fomu ya tatu, miguu imemrefuka, mabega ameyakunja kama mtu anayepita mlango mfupi. Tukipita Biashara Street mbele ya maduka ya vioo hutazama upande wa pili asijione. Nikimwambia mzuri wewe, ataniambia, "Nyanya, nyamaza basi." Nami kunyamaza sijui.

Siku hiyo alirudi mchana uso umemfunguka. Sikuwa nimemuona vile tangu Idi. Akanipa gazeti mkononi.

"Nyanya, usilifungue. Nikirudi madrasa nitakusomea mwenyewe."

"Haya, mwanangu."

"Sema wallahi."

"Kwani mimi mwongo? Nenda, utachelewa."

Akaenda. Hajafika pembeni mwa kichochoro nimeshalifungua.

Sasa sikilizeni nilivyolifungua. Vitabu ninavyovijua mimi hufunguliwa kutoka kulia. Juzuu, maulidi, dua, vyote huanza upande huo. Nikaliweka mapajani nikaanza upande huo huo. Ukurasa wa kwanza, kwa hesabu yangu, una majina matupu. Na jina lililo juu kabisa, juu ya watu wote, ni lile langu la uzi mwekundu. Kando yake pana tatu na moja. Nambari hizo nazijua, maana ziko kwenye pesa na kwenye milango ya nyumba. Nikasema, tatu ni fomu yake, na moja ndiye yeye.

Nilikaa pale ngazini nikalia kidogo. Kisha nikavaa buibui nikatoka mpaka Ndia Kuu, nikanunua halua ratili mbili, nikarudi nikaikata vipande na kuitia sahanini. Nikaanza kugawa nyumba kwa nyumba.

Nyumba ya kwanza nilisema mjukuu wangu kawa wa kwanza darasani. Ya pili nikasema wa kwanza skuli nzima. Ya tatu mwalimu mkuu alikuwa amelia. Kufika ya tano mtoto keshakuwa daktari na apelekwa Uingereza, na mimi mwenyewe nilishaanza kuwaza nani atanipikia. Sikusema uongo kwa kusudi. Mimi hadithi ikishatoka mdomoni huota miguu yake.

Nyumba ya saba ni ya jirani yangu, ubavuni mwa yangu. Huyu mumewe alikuwa karani bandarini, na yeye mwenyewe alisoma mpaka darasa la saba, basi akivaa miwani huwa kadhi wa mtaa. Naye ana mjukuu wa kike darasa hilo hilo la wangu. Nikampa sahani. Halua hakuigusa.

"Hongera," akasema. "Wangu mbona hakuniambia?"

"Wako atakwambiaje, naye yuko huko nyuma haoni mbele?"

"Hebu nilione hilo gazeti."

"Utaliona kwangu. Halitoki nyumbani."

Alikuja. Tena alikuja na miwani mkononi, baada ya alasiri, wakati baraza yangu imejaa wanawake watatu wanne wanakula halua na kunipigia vigelegele. Akalichukua gazeti, akaligeuza kama mtu anayepindua chapati, akalifungua upande ule wa pili. Nikamwambia umelikosea. Akasema, "Nyamaza nisome."

Akasoma orodha kutoka wa kwanza. Hakuruka jina hata moja. Wake alikuwa wa tisa, hapo akakohoa kidogo apate kungojewa. Akashuka, akashuka, akapindua karatasi, akafika kwenye ukurasa wangu.

"Huyu hapa. Thelathini na moja. Lakini usijali, chini yake wako wengine kumi na watano."

Mmoja akacheka. Halafu wakacheka wote, na halua yangu mumo mumo midomoni.

"Gazeti limekosewa," nikasema.

"Limekosewa wapi, bibi we? Kulia au kushoto?"

Nikainua macho nimjibu, nikamuona mjukuu wangu amesimama kichochoroni, msahafu kaukumbatia kifuani. Sijui alifika lini. Alipita katikati yao bila salamu akapanda ngazi.

Kesho yake alikwenda skuli. Yule mjukuu wa jirani alikuwa ameshafika na habari, na wangu alipoingia darasani wenzake wakampigia vigelegele. Wakamuita Namba Wani. Wakamuuliza halua iko wapi. Alirudi mchana, akavua sare, akaikunja vizuri akaitia sandukuni.

"Siendi tena," akasema.

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Siku ya pili sare haikutoka sandukuni, na ya tatu vilevile. Nikambembeleza, nikamtisha kwa mamake, nikampikia samaki wa kupaka. Alikula samaki, skuli hakwenda. Nilipomuuliza wataka kukaa nyumbani ufanye nini, aliniambia, "Nikae kama wewe. Wewe hukusoma na wajua kila kitu."

Hilo liliniuma mpaka nikatafuta mtu wa kumrudishia. Jirani nilishamwambia ya kumwambia kupitia dirishani, mtaa mzima ukasikia, naye kanijibu mtaa mzima ukasikia. Nikaona aliyebaki ni mwalimu mkuu.

Alikuwa mama wa Rabai, mrefu, sauti yake ya chini, msalaba mdogo shingoni. Akaniandalia kiti.

"Sitaki kiti," nikamwambia. "Nimekuja kuteta."

"Teta tu, Bibi. Kiti hakikuzuii."

Nikakaa, maana magoti yalikuwa yaniuma na njia ilikuwa ya jua. Lakini nilikaa ukingoni.

"Watoto wa watu wawaanika kama papa mkavu, kwa nini? Huyo wa arubaini na sita, wa mwisho kabisa, naye ana mamake. Wamuandika ili iweje, apigiwe zumari?"

Alichukua gazeti mezani, akalifungua upande wao, akanisomea habari ya mbele kwa kunifasiria. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika. Yasema mtoto wa umri huu hujidharau kwa kitu kidogo, basi mzazi atazame alilolifanya mtoto mwenyewe, amsifu kwa hilo, asimlinganishe na mtoto wa mtu.

"Maneno mazuri," nikasema. "Mbele waandika tusiwalinganishe, nyuma umewapanga mstari. Ukurasa wako wa mbele umegombana na wa nyuma?"

"Orodha huitaka wazazi wenyewe. Nikiitoa watakuja arubaini kuteta hapa, si mmoja."

"Waje. Una viti."

Aliweka gazeti chini. "Bibi, nawe nisikize. Wasichana wangu hawajamcheka mtu kwa kuwa wa thelathini na moja. Wa thelathini na moja huwa yupo kila mtihani, na hakuna amtazamaye. Huyu wamemcheka kwa halua. Halua sikuigawa mimi."

Nikamwambia hana adabu kwa mtu mzima. Akasema mlango uko wazi. Nilipokuwa nimefika mlangoni akaongeza, kwa sauti ile ile, "Mwambie arudi. Kiti chake hakuna aliyekikalia." Sikugeuka. Nilikwenda njia nzima nikimtukana kimoyomoyo, na kila tusi lilipoisha nilikuta lile neno la halua limebaki pale pale.

Nyumbani nikamkuta mjukuu wangu anachambua mchicha. Nikamwambia nimemkomesha mwalimu wenu.

"Ulimwambia nini?"

Nikamueleza. Na viti nikavitia, na papa mkavu. Hakucheka.

"Nyanya, mtihani wa kabla ya huu nilikuwa wa ngapi?"

Sikujua. Niliujua ukosi wa shati lake, lakini hilo sikulijua.

"Wa arubaini na nne," akasema. "Nimewapita watu kumi na watatu. Hesabu nilikuwa nikipata tisa, nimepata arubaini. Hakuna aliyenisaidia. Nilitaka nikusomee mwenyewe, na maneno nilikuwa nimeyapanga nikitoka skuli. Nilikwambia usifungue. Ukanichukulia changu ukanipa cha uongo. Sasa changu ndicho kimekuwa cha aibu."

Alisema hivyo akiendelea na mchicha, jani kwa jani. Nikavuta fungu la pili nikachambua naye. Nilikaa pale mpaka mchicha ukaisha.

"Nitengeneze vipi?" nikamuuliza.

"Ulikwenda nyumba saba. Rudi nyumba saba. Sema, mjukuu wangu ni wa thelathini na moja, alikuwa wa arubaini na nne. Basi. Usiongeze kitu."

"Hata salamu?"

"Salamu sawa."

"Nikienda, utarudi skuli?"

"Nenda kwanza."

Hakuniamini niende peke yangu. Alivaa buibui lake akanifuata nyuma, hatua moja, kama askari anayepeleka mtu kortini. Nyumba ya kwanza nikabisha, nikasalimu, nikasema. Mwenye nyumba akangoja, maana mimi siondoki mlangoni mwa mtu kwa maneno kumi. Nikaondoka. Nyumba ya tatu nilitaka kutia kidogo tu, kwamba mtihani ulikuwa mgumu sana mwaka huu, nikahisi kiwiko ubavuni. Nyumba ya tano, ile ya Uingereza, yule mama aliniuliza, "Na udaktari?" Nikamwambia, "Wa thelathini na moja, alikuwa wa arubaini na nne." Akasema, "Pole." Mjukuu wangu akamjibu kutoka nyuma yangu, "Si pole, Mama. Nimepanda." Yule mama akafikiri, kisha akasema, "Kweli. Umepanda." Nikaona mabega ya mtoto yamekunjuka kidogo, nikauma ulimi nisiyasifu.

Ya saba ni ya yule jirani. Alifungua mlango nusu, miwani iko kichwani.

"Umeleta halua nyingine?"

"Asalamu alaikum. Mjukuu wangu ni wa thelathini na moja. Alikuwa wa arubaini na nne."

"Ya thelathini na moja naijua, mimi ndiye niliyekusomea."

"Ya arubaini na nne hukuisoma."

"Haikuandikwa."

"Ndiyo maana nimekuja."

Akamtazama mjukuu wangu toka juu hata chini, kisha akanirudia mimi. "Watu nambari kama hiyo hukaa nayo ndani. Wewe waitembeza mtaani kama sinia la harusi?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri sana, lilihusu mumewe na bandari, na mpaka leo nalijutia halikutoka. Mtoto alinisogeza kwa mkono akaja mbele.

"Nimemtuma mimi," akasema. "Mtihani ujao nikiwa wa thelathini nitakuja kukwambia mwenyewe, Bibi. Na nikirudi wa arubaini nitakuja vilevile. Usijisumbue kuvaa miwani."

Ndani kule nyuma niliona kichwa cha mjukuu wake, yule wa tisa, kinachungulia, na wangu alikiona pia, akakitazama mpaka kikaondoka. Yule jirani akausukuma mlango polepole mpaka komeo likaingia.

Tukarudi kwetu. Alikwenda moja kwa moja sandukuni akatoa sare, akaikung'uta, akatia makaa kwenye pasi. Mimi nilikuwa nimejaa maneno mpaka kooni.

"Mwanangu," nikaanza.

"Nyanya, bado nimekununia, sisemi nawe."

"Haya," nikasema. Nikavuta kigoda nikaketi mbali, nikamtazama akipiga pasi.