Petroli Niliyoitangaza Kijiweni

Jumapili, tarehe 12 Julai. Asubuhi ukungu ulifunika migomba hata choo hakikuonekana kutoka mlangoni. Saa nne jua likatoka, kali, la vumbi, na halikupumzika mpaka jioni.

Jana niliisahau kofia yangu kijiweni kwa bodaboda, na leo karibu kutwa nzima nimeona haya kwenda kuichukua. Nitaeleza kwa nini, ingawa mimi si mtu wa kueleza. Shule yangu iliishia darasa la saba.

Binti yetu amepangiwa kufundisha kemia sekondari ya hapa hapa kwetu Ihembe. Anaripoti kesho. Tangu afike, mama yake hataki hata aguse jembe. Mimi nilivundika ndizi, nikazikanyaga, nikafunika rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa majani ya mgomba kwenye mtumbwi wa mti wa kuchachushia alioniachia baba, ili leo baada ya misa majirani waje tumpongeze.

Ijumaa binti yangu alikuja akachuchumaa kando ya ule mtumbwi.

"Tata, shikamoo. Naomba kupitisha mpira mwembamba hapa chini ya majani."

"Marahaba. Rubisi ikishafunikwa haifunuliwi, unajua."

"Sifunui. Nataka hewa yake tu."

Akawasha kiberiti, akakishusha kwenye upenyo wa majani. Kikazimika. Hilo huku kila mtu analijua tangu utoto. Baba alituambia rubisi haipendi moto, basi, hatukuuliza zaidi. Yeye akasema inayozima ni hewa ya ukaa, ile ile iliyomo kwenye moshi na kwenye pumzi zetu, na pombe ikichacha huitoa. Akasema kuna watu wa utafiti wanaichukua hewa hiyo, wanaiweka kwenye mwanga wa jua pamoja na metali za kawaida, shaba au chuma, vitu ambavyo hata fundi baiskeli anavyo, nayo inageuka kitu kinachowaka.

"Yaani hiki kinachozima moto ndicho kinakuwa mafuta?"

"Kidogo, Tata. Kidogo sana, na kwa mitambo yao. Hapa pengine hatutaona chochote. Nataka wanafunzi wangu waone tunaanzia wapi, wapate la kuuliza."

Akachoma waya wa shaba kwenye moto wa jikoni mpaka ukawa mweusi, akautia kwenye chupa ya plastiki yenye maji, akaiingiza ile hewa, akafunga. Chupa akailaza juu ya bati ipate jua. Mimi nilimshikia ngazi. Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi.

Jana nikaenda kijiweni kutafuta pikipiki ya kunipeleka gulioni Nkwenda. Niliwakuta wakilalamika kuwa petroli imepanda tena, na hata ile ya chupa kutoka mpakani Murongo haionekani.

"Mwanangu anatengeneza petroli," nikasema. "Kwa jua na waya wa shaba. Anaitoa kwenye rubisi."

Wakacheka. Kijana mmoja wa koti jekundu akasema, "Mzee, hiyo rubisi umeshaionja kabla ya misa." Wakacheka tena, na kicheko hicho cha pili ndicho kilichonichoma.

"Chupa iko juu ya bati langu," nikasema. "Imeshaanza kujaa."

Ilikuwa na maji aliyoyatia kwa mkono wake. Nilijua. Hakuna aliyenilazimisha kusema. Nikapanda pikipiki kwa haraka hata kofia nikaiacha kwenye benchi.

Leo majirani wamekaa, vikombe vinazunguka, tukasikia pikipiki. Wa koti jekundu alikuwa amefunga dumu nyuma ya kiti. Nisimwonee, yeye alikuja kutania. Lakini nyuma yake alikuja mtu mzima mmoja wa kijiwe hicho hicho, ambaye mtoto wake anasoma kidato cha pili pale sekondari, na yeye pikipiki yake alikuwa anaisukuma kupanda mlima. Tangi lilikuwa kavu. Huyo, nadhani, alikuwa na tumaini.

"Madamu, tumefuata mafuta," akasema wa koti jekundu. "Mzee katuambia chupa inajaa."

Binti yangu akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshika kata, nikajifanya naondoa povu kwenye rubisi. Ningesema neno moja tu pale, lingetosha. Sikusema.

"Pengine mimi ndiye nilimweleza vibaya," akasema.

Akaishusha chupa, akawaeleza yote tangu mwanzo, polepole, hata kiberiti akawawashia. Wengine walisikiliza vizuri, lazima niseme hivyo.

"Kwa hiyo haiwaki," akasema yule mtu mzima.

"Haiwaki."

"Kama kemia yenyewe ni maji na waya, basi mwanangu asome Kiswahili tu."

Uwanja mzima ukacheka. "Madamu Petroli!" akapiga kelele wa koti jekundu. Binti yangu naye akacheka, lakini kicheko cha mwanangu nakijua, na kile hakikuwa chake. Mtu mzima akageuza pikipiki yake, akaisukuma kurudi alikotoka.

Watu walipoondoka, mke wangu aliokota vikombe bila kunitazama. "Umeona?" Ndilo neno pekee alilonipa.

Saa kumi nikatoka kwenda kijiweni. Kofia yangu niliikuta imetundikwa kwenye usukani wa pikipiki ya yule wa koti jekundu.

"Mzee wa kiwanda!" wakaniita.

"Nisikilizeni," nikasema. "Aliniambia haitawaka. Aliniambia Ijumaa, mapema. Hayo ya chupa kujaa niliyatunga mimi, hapa hapa kwenye benchi."

Wa koti jekundu akauliza, safari hii bila kucheka, "Sasa mbona hukusema kule nyumbani, mbele yake?"

"Niliona haya."

"Na sasa huoni?"

"Naona."

Akanipa kofia. "Haya. Petroli ni wewe. Madamu tumemfuta."

Nilicheka nao kidogo. Lakini yule mtu mzima hakuwepo. Nikaelekea kwake. Nilipofika kwenye kona nikaiona pikipiki yake imeegemezwa ukutani, watoto wameizunguka, naye ameketi kizingitini anaitazama. Nikageuka, na hilo linaniumiza kuliko ya mchana, kwa sababu ya mchana yalinishtukiza, hili nililichagua.

Jikoni binti yangu alikuwa anamenya ndizi.

"Kofia umeipata, Tata."

"Nimeipata. Na nimewaambia kwamba uongo ulikuwa wangu."

"Umewaambia wote?"

"Isipokuwa mmoja. Yule aliyesukuma pikipiki."

Akamenya ndizi nyingine mpaka mwisho. "Mtoto wake atakuwa darasani kwangu."

"Najua."

"Basi asubuhi utanisindikiza. Kwake ni njiani. Utaongea wewe, mimi nitasimama."

Nikasema sawa. Chupa bado iko uwanjani alipoishusha, hakuna aliyeniomba ngazi ya kuirudisha juu ya bati. Tumekula ndizi na maharage, na nyanya chungu alizochuma mama yake. Rubisi imebaki nusu mtumbwi, hakuna aliyeigusa tangu wageni waondoke.