Mulima wa Papa Tshibangu kule Guangzhou

Mimi nasuka nywele katika saluni ya Claudine, karibu na Chaussée d'Ixelles, na niliyoyaona asubuhi ile yalikuwa ya kutema mate kabisa.

Kwanza mujue Papa Tshibangu ni nani. Ni bwana wa dada mukubwa wa Claudine. Maisha yake yote hapa Brussels alisukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kule Woluwe: kutoka chumbani mupaka kwa kupigwa picha, mupaka kwa upasuaji, na kurudi. Muntu mupole, shati yake imepigwa pasi hata kola. Safari zake zilikuwa matanga tu: matanga Lubumbashi, matanga Likasi, matanga Liège. Alipopata pension, akaenda soko ya dimanche, ile ya Jumapili, pale Gare du Midi, akanunua sac à dos, mufuko wa mugongoni, kubwa kama ya wale vijana wazungu, akasema:

"Nimesukuma batu ya kutosha. Bon, sasa nijisukume miye mwenyewe. Naenda ku Chine kutembea."

Kutembea China! Claudine alicheka mupaka kitana kikamutoka mukononi. Kwetu, muntu wa kwenda Guangzhou, ule muji wa China wa masoko, ni muntu wa kuleta mali. Nani anaenda kule kuangalia tu?

"Kuko mulima," papa akasema, "banaiita ya Mawingu Meupe. Unapanda, unaona muji muzima."

"Beau, na ile mulima nyeusi ya Lubumbashi, ya takataka ya shaba, haikukutosha?" Claudine akamuuliza shemeji yake.

Guangzhou alikuwa na siku moja tu. Kesho yake treni ingemupeleka mbali, kwa vijiji vya wakulima wa muchele. Claudine aliposikia hivyo, akaanza kuhesabu nywele zilizobaki kwenye rafu. Claudine akihesabu, ujue kuna kitu kinaoza.

Siku yenyewe ikafika. Huku kwetu asubuhi, kule jua limeanza kushuka. Claudine akapiga simu ya picha. Papa akatokea, jasho usoni, sac mugongoni, anacheka sawa mutoto. Alikuwa amefika chini ya mulima.

"Beau, acha hiyo michezo. Soko ya nywele itafunga. Kamata taxi, nitakuongoza. Nataka nywele ndefu, zile mèches nyeusi na nyekundu ya bordeaux."

"Claudine, nikienda soko, mulima imenipita. Kesho niko mu treni."

"Itakupita na miguu gani?"

"Na sac imejaa."

"Toa nguo! Nani anakuangalia kule?"

Nikasema, "Claudine, muache papa wa watu." Akanijibu nisuke. Nikasuka, nikavuta mupaka muteja wangu akalalamika. Muntu hajamuomba hata maji, na yeye anamuona kama punda wa mizigo.

Ngojeni sasa uchafu wenyewe. Mama ya Claudine na dada yake, Maman Victorine, miguu yake imekataa. Kila asubuhi Claudine anamuleta na kiti chake cha magurudumu, anamuegesha kati ya ndoo na makatoni ya mafuta ya nywele, kama bidhaa iliyokosa mununuzi. Ile asubuhi ndipo alipomukumbuka. Akamusukumia simu usoni.

"Maman, ambia mukwe wako aende soko."

Aibu ilinishika mimi. Kwetu mukwe hamutazami mama mukwe machoni, wala hamupingi. Neno likimutoka mama, limekwisha. Claudine alijua. Kumugeuza mama yako fimbo ya kuchapia watu, kweli?

Papa alipouona ule uso, kicheko kikamukauka. Mukwe mwenye adabu anajificha, lakini ndani ya simu utajificha wapi? Akaigeuza simu. Uso wake ukatoka, ikabaki mulima mbele yake, miti mupaka juu, na vile vyumba vya vioo vinavyopanda kwa kamba ya chuma.

Maman Victorine akasogeza pua.

"Ni nini ile inapanda?"

"Inapandisha batu, mama," sauti ya papa ikajibu. "Mupaka juu."

"Hata mwenye hana miguu?"

"Anaikala tu pa kiti, mama. Inamubeba."

"Maman, soko!" Claudine akapiga kelele.

"Nyamaza, mutoto. Mukwe, panda. Unishike vile vile mu simu. Miye pia nataka kuona muji."

Claudine akanyoosha mukono achukue simu. Mama akaikumbatia kifuani.

"Na mèches zangu?"

"Suka na zenye ziko."

Muteja wangu alicheka hadi nikapoteza njia kichwani mwake. Na Claudine, unadhani alitubu? Akamugeukia huyo muteja: "Familia! Unawasaidia, wanakutupa." Eti unawasaidia! Halafu akaomba simu yangu, yangu mimi, amutafute muntu mwingine aliyeko Guangzhou. Nikamwambia haina umeme.

Papa akapanda mupaka juu. Tulisikia pumzi yake tu, na Maman Victorine anamwagiza:

"Zunguka polepole, mukwe. Huu upande sijauona."