Kioo Kisichotaka Kubanwa

Wifi yangu hufunga skrubu za skrini za runinga kiwandani, na kwa mdomo hanishindi sana. Siku moja kompyuta ilionyesha kona nyekundu: vihisi vilivyomo ndani ya kioo vimegundua kimebanwa mno, kitapasuka.

"Bosi, hivi vihisi vina chuki na mimi!"

"Mama, havikujui hata jina. Nikiona nyekundu tena, nakuhamishia kwenye maboksi."

Maboksi? Yeye? Alizilegeza skrubu zote, akaanza upya. Safari hii hakuzunguka kioo akikaza moja moja. Alikaza kidogo kona hii, akarukia ya mkabala, mpaka rangi ikawa kijani.

"Umefanyaje?" bosi akauliza.

"Nimekibembeleza kama mume aliyenuna," akajibu, huku akivuta kioo kingine.