Mwirokwoi wa Minto na Neno Lililoniponyoka

Nimefundisha Kiswahili na michezo kwa miaka kumi na tisa katika shule moja ya sekondari hapa Morogoro, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kumwomba mtu radhi kwa neno nililolitamka. Naliweka hili mwanzoni ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyekuwa anafunga begi. Safari ilianza kwa simu ya mdogo wangu Joyce, muuguzi huko Sydney. "Dada," alisema, "mume wa rafiki yangu wa kazini ni Mwirokwoi. Amecheza lakrosi ya kulipwa Amerika ya Kaskazini, na sasa anaanzisha timu ya watoto huku kwetu Minto. Si ulisema wasichana wako wamechoshwa na netiboli?"

Nilikuwa nimesema. Lakrosi nilikuwa nimeiona kwenye simu tu: watu wanakimbia na fimbo zenye kikapu cha wavu kichwani, wanarushiana kijipira kigumu na kukipachika golini. Wenye mchezo huo tangu zamani ni Wairokwoi, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, ambao wenyewe hujiita watu wa Nyumba Ndefu. Mkuu wa shule alinipa ruhusa ya likizo ya mwezi wa sita kwa sharti kwamba nirudi na mchezo, si na picha za kangaruu.

Dar es Salaam niliondoka alasiri. Doha nilikaa saa sita nikinywa chai ya bei ya kuudhi. Baada ya hapo ndege iliruka mpaka nikaanza kushuku kwamba rubani amepotea na anaona haya kuuliza. Sydney tulitua jioni, na baridi ya mwezi wa sita ilinipokea mlangoni. Joyce alikuja na koti mkononi. "Ulidhani natania?" aliniuliza, akanivisha mwenyewe kama mtoto.

Kutoka uwanja wa ndege hadi Minto ni treni moja, ila ni mwendo. Unapita stesheni baada ya stesheni, nyumba zinapungua urefu, abiria wanasinzia wakiwa na sare zao za kazi. Upande mmoja wa reli kuna maghala na viwanda, upande wa pili nyumba za matofali zilizopangwa kwa utaratibu. Watoto wawili wa Joyce walinisikiliza kwa heshima zote, nami nikiuliza kwa Kiswahili wao wanajibu kwa Kiingereza. Kwa siku mbili niliwasahihisha. Siku ya tatu nilichoka mimi.

Jumanne nilipanda treni kwenda Parramatta kukutana na mwenyeji wangu saa yake ya chakula. Anaitwa Wes, ni Mmohawk, taifa mojawapo la Nyumba Ndefu. Alishuka kutoka kwenye jengo refu linalojengwa, kofia ngumu kichwani, anachechemea kidogo mguu wa kushoto. Tulikaa kwenye benchi na mikate yetu, tukazungumza kwa Kiingereza. Nilimuuliza mchezaji wa kulipwa anafanya nini juu ya vyuma. "Kile kile nilichofanya nilipokuwa nalipwa," alisema, akacheka.

Kumbe ndivyo yalivyo maisha yao. Fimbo ya kwanza aliwekewa kitandani kabla hajaota jino. Babu yake, mchongaji wa fimbo, alimfundisha kuidaka ile mipira kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Kiangazi walicheza ndani ya viwanja vya barafu, barafu ikiwa imeyeyushwa, kuta pande zote, na ukisukumwa unajua umesukumwa. Timu kubwa ilimchukua akiwa na miaka ishirini na mbili, akadumu misimu kumi na miwili. Siku za kazi alifunga vyuma juu angani kama baba yake. Ijumaa akapanda ndege, Jumamosi akapigwa fimbo za mbavu mbele ya maelfu ya watu, Jumapili akarudi nyumbani na barafu gotini. Hatimaye goti likasema basi. Mkewe ni mzaliwa wa Sydney, ndipo wakahamia.

"Na sasa?" nikamuuliza.

"Sasa nina watoto kumi na wanne, wengi wao wa familia za Wakongo. Jumamosi hii ndiyo mechi yao ya kwanza. Wakiwa chini ya kumi, ofisi ya viwanja inampa mwingine uwanja wetu." Alikunja karatasi ya mkate wake taratibu. "Hii ndiyo timu yangu ya kwanza tangu niache. Ikinifia, Mwalimu, sitaanza nyingine." Kisha akaniomba jambo. Keshoye angekutana na wazazi, Kiingereza cha baadhi yao ni kidogo, na Joyce atakuwa shifti. Je, ningemtafsiria? Nilijibu kwamba amempata mtu mwenyewe.

Jumatano saa kumi na moja jioni tulikutana katika ukumbi wanaoutumia kwa ibada, katikati ya maghala. Akina mama wapatao kumi walikuwepo, wengine wakiwa wametoka moja kwa moja kazini. Mbele aliketi Mama Furaha, ambaye wenzake walimsikiliza kabla hajasema. Alinisalimu: "Karibu, mwalimu. Batoto banapenda ile mupira sana." Nilitabasamu, na moyoni nikamkata alama: batoto, banapenda, ile mupira. Nakiri hilo sasa, na aibu yake bado ninayo.

Wes alikuja na fimbo ya mti, kazi ya babu yake marehemu. Nilinyoosha mkono niipokee ili niwaonyeshe wazazi, naye akaivuta nyuma, kwa upole lakini akaivuta. "Samahani, Mwalimu. Ya mti wanawake hawaishiki. Za plastiki ni za wote." Akina mama waliona. Kisha akasema maneno aliyoyabeba kwa ajili yao: kwamba kwa watu wake lakrosi ni zawadi ya Muumba, na kwamba ni medicine. Nami, bingwa wa Kiswahili sanifu, nikasimama wima nikatoa sauti ya darasani: "Anasema mchezo huu una dawa."

Mama Furaha aliuliza polepole, "Dawa? Ndani ya mupira?" Nikamhakikishia, ndiyo, dawa, ya tangu mababu. Akafunga mkoba wake.

Joyce alinikuta sebuleni usiku huo, simu mkononi, imefunguka kwenye kundi la wazazi wa timu. Watoto kumi na mmoja walikuwa wameondolewa. "Dada, umesema dawa? Kwenye mpira?" Hapo ndipo akili ilinirudia. Nani kwetu asiyejua dawa ya mpira ni kitu gani? Ni hirizi ya kipa, ni yai linalozikwa golini, ni timu kuruka ukuta kwa kuogopa mlango. Nimewatania wachezaji wangu kwa neno hilohilo miaka yote. Nikawaambia walokole mchana kweupe kwamba watoto wao wanachezeshwa kwa uchawi, na fimbo isiyoguswa na mwanamke wameiona kwa macho yao. "Heri kujikwaa kidole, dada," alisema Joyce, akaenda kuoga. Mimi nililia jikoni.

Alhamisi Wes alipita nyumbani baada ya kazi. Nilimweleza kosa langu lote bila kupunguza. Hakunikasirikia, na hilo lilinichoma zaidi. Nikamwomba anieleze upya, taratibu, hiyo medicine ni nini.

Aliegemea ukuta. "Msimu wa nane goti lilipasuka. Daktari alilishona, lakini mimi nilikuwa nimeisha. Sili, sisemi na mtu. Watu wa kwetu wakaitisha mchezo kwa ajili yangu. Waliniweka kwenye kiti pembeni ya uwanja, wazee na vijana wakacheza, hakuna anayejali nani kashinda. Wanamfurahisha Muumba, na wanamwomba anitazame. Mpira ulipokwisha kutumika walinipa mimi. Usiku ule nilikula."

Ijumaa, mchana, nilitembea mitaa miwili hadi kwa Mama Furaha. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Alipofungua mlango hotuba ikayeyuka, nikasema tu, "Mama, nimekosa. Aliyekosa ni mimi, si yule baba." Alinikaribisha ndani, akanipa chai, nikamsimulia habari ya goti na kiti na mpira kama nilivyoipokea. Sikutafuta neno lolote badala ya dawa, kwa sababu kusema kweli sikuwa nalo.

Alijimiminia chai yake. Kisha akaniambia kwamba kaka yake alipofariki katika kambi ya wakimbizi, vijana walicheza mpira mbele ya nyumba yao siku tatu, na siku ya tatu mama yao aliinuka, akaomba maji ya kuoga. "Hatukuiita dawa," alisema. "Mwalimu, ile njo maombi." Njo yao ni ndiyo yetu.

"Na fimbo?"

"Hata kwetu kanisani kuna byombo haushike hovyo. Ungenieleza vile tangu mbele."

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi uwanja wa Minto ulikuwa mweupe kwa umande. Wes alikuwa amemwaga fimbo za plastiki kumi na nne kwenye majani, na mbele yake walisimama watoto watatu: wawili wa Joyce na mmoja wa jirani yao Mkenya. Bwana wa ofisi ya viwanja alikuwa na orodha na saa mkononi. Wes hakuniangalia, aliangalia barabara. Nami niliangalia barabara mpaka macho yakauma.

Walikuja kwa miguu, Mama Furaha mbele kwa kitenge juu ya koti, watoto tisa nyuma yake. Alipita mbele yangu moja kwa moja mpaka kwa Wes, akamshika mkono. "Coach," alisema kwa Kiingereza chake, "we pray first. Then they run." Wes aliweka fimbo ya babu yake chini kwenye majani, akavua kofia. Tulifungwa mabao kumi na mawili kwa mawili, na sijawahi kuona kocha aliyefungwa akicheka namna ile.

Morogoro nilirudi baada ya siku tisa nikiwa na fimbo sita za plastiki kutoka kwa Wes na mazoezi yake yote daftarini. Wasichana wangu wameshaupenda mchezo, na kwa majivuno yangu yaliyobaki nasema mwakani mtatusikia. Wiki iliyopita mzazi mmoja alisimama pembeni ya uwanja akizikodolea macho zile fimbo. "Mwalimu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "nasikia mchezo wenyewe una dawa. Ni kweli?"

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne walikuwa karibu, masikio wazi, wakisubiri Kiswahili changu sanifu.

"Hapana," nikamwambia. "Ile njo maombi."